Mbishi hana kosa: kuhusu uthibitisho wa tatizo la kusimama

Kila mada ya tatizo la kusimama (je, kompyuta inaweza kujua kama programu yoyote itasimama au itazunguka milele?) ikiibuka mbele ya watu wanaoandika programu, haipiti muda atatokea mtu aseme ule uthibitisho kwamba haiwezekani ni kiini macho. Na mara nyingi ni mtu aliyeusoma chuoni, akaujibu kwenye mtihani na maksi akapata, ila moyoni anahisi kapigwa changa la macho, yaani kila mstari anaukubali lakini jumla yake inagoma kumwingia. Mada hii naipenda sana na nimebishana na wengi kuihusu, na msimamo wangu ni kwamba lojiki iko safi, kinachowakera watu ni namna inavyosimuliwa. Wanasimuliwa kama kitendawili cha maneno, alafu wanaambiwa wakubali kitendawili kama ushahidi. Hapo hata mimi ningegoma.

Na hisia hiyo haikuanza leo. Mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alipochapisha karatasi yake mwaka 1936, akiwa na miaka 24 tu, aliandika humohumo kwamba uthibitisho mfupi wa jambo hili, japo uko sawa kabisa, unaweza kumwacha msomaji akihisi kwamba lazima kuna kitu hakijakaa sawa mahali. Kwa sababu hiyo akaamua kutoa uthibitisho mwingine, na huo nitaufikia huko chini maana ndio ninaouona mzuri kuliko yote.

Kwanza swali lenyewe. Je, inawezekana kuandika programu moja, tuiite Mkaguzi, ambayo ukimpa kodi (yaani maandishi ya amri) ya programu yoyote ile pamoja na inputi yake (data inayoingizwa humo), anakujibu kwa uhakika kama programu hiyo itafika mahali ikasimama au itazunguka milele? Masharti ni mawili: asikosee hata mara moja, na yeye mwenyewe lazima amalize na kutoa jibu. Kumbuka hilo la pili, watu wanalisahau sana. Kuendesha tu programu na kusubiri haihesabiki, kwa sababu ukisubiri mwaka mzima na haijasimama hujui kama ulitakiwa usubiri dakika moja zaidi.

Uthibitisho unaofundishwa kila mahali unaenda hivi. Tuseme Mkaguzi yupo. Basi naandika programu nyingine fupi, naiita Mbishi, inayopokea kodi ya programu p na kumuuliza Mkaguzi kuhusu p ikipewa kodi yake yenyewe kama inputi:

mbishi(p):
    kama mkaguzi(p, p) anasema "inasimama":
        zunguka milele
    la sivyo:
        simama

Alafu nampa Mbishi kodi yake mwenyewe. Mkaguzi akisema Mbishi atasimama, Mbishi anazunguka milele. Akisema hatasimama, Mbishi anasimama palepale. Kwa hiyo Mkaguzi amekosea, na tulisema hakosei, kwa hiyo hayupo. Basi, imeisha. Mtaalamu wa kompyuta Christopher Strachey aliuchapisha uthibitisho wa aina hii mwaka 1965 kama barua fupi tu kwenye jarida la kompyuta, akaeleza kwamba Turing alimpa kwa mdomo ndani ya behewa la treni mwaka 1953 wakiwa njiani kwenda kwenye mkutano. Ni mfupi kiasi hicho, unaelezeka safarini bila karatasi, na ufupi wenyewe nadhani ndio unaowatia watu wasiwasi.

Hoja ya kwanza ninayokutana nayo ni hii: "Mbishi ni programu isiyo na maana, ni kama mtu anayesema 'mimi nasema uongo', kwa hiyo ulichothibitisha ni kwamba Mbishi hawezi kuwepo, Mkaguzi hujamgusa." Hii hoja ina akili ndani yake na inastahili jibu la kweli. Ule usemi wa mwongo hauna kitu chochote nje yake kinachoamua kama ni kweli au sio kweli, maneno yanajiangalia yenyewe basi. Programu haiko hivyo. Programu ukiiwasha inafanya kitu, iwe umeipenda au hujaipenda, na hicho kitu ni kimoja kati ya viwili, inasimama au haisimami. Hakuna programu inayofanya vyote viwili. Na Mbishi ametengenezwa kwa nini? Mwite Mkaguzi, angalia jibu, zunguka au simama. Ukinipa Mkaguzi, Mbishi naandika ndani ya dakika moja, hakuna hatua hata moja ya kichawi humo. Kwa hiyo ukisema Mbishi hawezi kuwepo, tayari umesema Mkaguzi hawezi kuwepo, maana yeye ndiye kipande pekee humo ambacho hatukuwa na uhakika nacho.

Lakini hebu tuache kabisa mambo ya "tuseme yupo", maana hapo ndipo watu wanapopotea. Tuchukue Mkaguzi halisi, mwenye kodi unayoweza kuiandika leo. Huyu namwita Mkaguzi wa Milioni: anaigiza programu unayompa kwa hatua milioni 1, ikisimama ndani ya hizo anajibu inasimama, zikiisha haijasimama anajibu haisimami. Ni mkaguzi mzembe lakini anamaliza kazi siku zote, sharti la pili ametimiza. Sasa mtengenezee Mbishi wake na umpe Mbishi kodi yake mwenyewe. Mbishi anaanza kwa kumwita Mkaguzi. Mkaguzi anaanza kumuigiza Mbishi, na Mbishi wa humo ndani naye anaanza kwa kumwita Mkaguzi wake wa ndani, ambaye naye anataka hatua milioni zake kabla ya kusema lolote, na kuigiza hatua moja sio kazi ya hatua moja, kwa hiyo huyo wa ndani hana namna ya kumaliza kabla ya wa nje kuhesabu milioni. Wa nje anafika milioni, anaona bado, anajibu haisimami. Mbishi anapokea jibu hilo na hatua inayofuata anasimama.

Hakuna kilichojikanganya hapo. Mbishi huyu ni programu ya kawaida kabisa, inasimama, tunajua inasimama, unaweza kuiendesha na saa mkononi. Mkaguzi wa Milioni alisema haisimami, kwa hiyo amekosea, na amekosea kwa kukata tamaa mapema kidogo tu. Ongeza iwe bilioni, Mbishi wake mpya atasimama baada ya bilioni na ushee. Chukua Mkaguzi mwingine ambaye kazi yake ni kujibu "inasimama" kwa kila kitu, Mbishi wake atazunguka milele, na hilo pia unaliona kwa macho bila kuumiza kichwa. Kila Mkaguzi unayemleta ana Mbishi wake, na Mbishi huyo ana tabia moja iliyo wazi, ambayo Mkaguzi yule yule ndiye anayeikosea. Huo ndio uthibitisho mzima. Ule mkanganyiko wa "akisimama hasimami" unatokea pale tu unapong'ang'ania kwamba kuna Mkaguzi asiyekosea, ukiacha kung'ang'ania unapotea wenyewe.

Hoja ya pili ni ya wajanja zaidi. Wanasema, sawa, lakini Mkaguzi mwenye akili angegundua kwamba anachezewa. Akiona kodi ya programu ina nakala yake ndani, ajue huyu ni Mbishi. Haya, amejua. Sasa anajibu nini? Ana maneno mawili tu kinywani. Akisema inasimama Mbishi anazunguka, akisema haisimami Mbishi anasimama, na kujua hakumsaidii kitu. Anaweza hata kuwa analijua jibu sahihi kabisa "moyoni", ila kile atakachokitoa nje ndicho Mbishi anachokisoma. Isitoshe nakala inaweza kufichwa, unabadilisha majina, unapangua mistari, unaitafsiri kwenda lugha nyingine ya programu, na kutambua kwamba programu mbili tofauti zinafanya kazi ileile nako hakuna algoriti (utaratibu wa hatua kwa hatua) inayoweza kwa ujumla.

Wengine wanasogea hatua moja mbele: Mkaguzi atoe jibu sahihi akiitwa na mtu, na jibu lingine akiitwa na Mbishi. Atajuaje nani kamwita? Kama anachungulia memori, au saa, au aliyemwita, basi hivyo vitu vyote ni inputi alizozificha, na Mbishi akishajua hilo anaweza kumfungulia mashine nzima ya kuigizwa ambamo kila kitu Mkaguzi anachochungulia kinafanana na akiwa ameitwa na mtu. Na uwezo wa mashine moja kuigiza mashine nyingine yoyote ni jambo ambalo Turing alilionyesha kwenye karatasi ileile ya 1936, kwa hiyo hatujakopa kitu kutoka nje.

Sasa kuna kosa moja ambalo nalisikia hata kwa wanaoutetea uthibitisho, na linaniuma zaidi kuliko hoja za wapinzani. Wanasema "kwa hiyo kuna programu ambayo haiwezekani kabisa kujua kama inasimama." Uthibitisho haujasema hivyo! Ulichosema ni kwamba kwa kila Mkaguzi kuna Mbishi wake. Haujasema kuna Mbishi mmoja anayewashinda wakaguzi wote. Yule Mbishi wa Mkaguzi wa Milioni, Mkaguzi wa Bilioni anamjibu vizuri tu. Na ukichukua programu moja yoyote peke yake, algoriti inayotoa jibu sahihi juu yake ipo siku zote: ama ni ile inayochapisha "inasimama", ama ni ile inayochapisha "haisimami", mojawapo iko sahihi, hata kama wewe hujui ni ipi. Kisichowezekana ni mmoja wa kuwajibu wote. Mpangilio wa "kwa kila" na "kuna" ndio unaobeba mzigo wote hapa, ukiugeuza umesema kitu kingine kabisa, na nusu ya mabishano ninayoyasikia yanatokana na pande mbili kuupanga tofauti bila kujua.

Nirudi kwa Turing na uthibitisho wake wa pili. Kwanza, kwenye karatasi yake mashine nzuri ni ile isiyoacha kuandika tarakimu, sifuri na moja, moja baada ya nyingine bila mwisho, na mashine mbovu ni ile inayofika mahali inakwama na haiandiki tena. Swali lake ni kama kuna mashine ya kukagua inayoweza kutofautisha nzuri na mbovu. Tuseme ipo. Basi anajenga mashine nyingine inayopitia mashine zote kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja anaipitisha kwa mkaguzi. Ikikutwa mbovu anairuka. Ikikutwa nzuri na ni nzuri ya tano, anaihesabu hadi tarakimu yake ya tano na kuiandika hiyo tarakimu. Anaiandika kama ilivyo, haigeuzi.

Ona tofauti. Hapa hakuna mbishi. Hii mashine haimpingi mtu, ni karani mtiifu anayenakili tu. Sasa mkaguzi lazima amalize kila mara, kwa hiyo karani naye hakwami, na mashine nzuri hazina mwisho, kwa hiyo karani ataendelea kuandika milele, yaani karani ni mashine nzuri. Lakini karani mwenyewe yumo kwenye ile orodha. Siku itafika atakutana na namba yake. Mkaguzi ataangalia na kusema, kwa haki kabisa, hii ni nzuri. Tuseme ni nzuri ya 100. Karani anatakiwa aandike tarakimu yake ya 100. Atazipata tarakimu 99 za mwanzo bila shida, lakini ya 100 inasema nini? Inasema: nenda kahesabu tarakimu ya 100 ya karani, uiandike. Anarudi mwanzo, anahesabu 99, anafika palepale, anaambiwa tena kahesabu ya 100. Hatoki hapo milele. Kwa hiyo karani amekwama, kwa hiyo ni mashine mbovu, na tulishaonyesha ni nzuri.

Aisee, mimi huu ndio ninaompa mtu anayelalamika kwamba Mbishi "ametegeshwa". Ondoa ubishi wote, weka utii mtupu, na bado mkaguzi hawezi kuwepo. Kinachovunjika hapa ni matumaini ya kwamba mashine inaweza kupitia mashine zote na kutoa uamuzi kuhusu zote, ikiwemo yenyewe, kwa sababu yenyewe nayo ni moja kati yao.

Hoja ya tatu inatoka kwa watu wa vitendo: kompyuta halisi ina memori yenye mwisho, kwa hiyo tatizo halipo. Hili ni kweli nusu, na hiyo nusu naikubali kwa mikono miwili. Mashine yenye memori ya biti 8,000,000,000, yaani gigabaiti moja, ina hali, yaani mipangilio ya biti zake, zenye idadi ya 2 kipeo cha 8,000,000,000, namba ambayo kuiandika tu inataka tarakimu zaidi ya bilioni 2.4. Programu ikipitia hali zaidi ya hizo bila kusimama, lazima imerudia hali fulani, na ikirudia itazunguka milele. Kwa hiyo Mkaguzi wa mashine hiyo yupo kinadharia. Lakini mwangalie alivyo. Anahitaji nafasi ya kuigiza gigabaiti nzima na juu yake nafasi ya kuhesabia, kwa hiyo yeye mwenyewe haingii ndani ya gigabaiti moja. Mbishi anayembeba haingii pia. Mkaguzi amepona kwa kukaa nje ya kundi la programu anazozikagua, na ukimlazimisha aingie ndani, na Mbishi akapata nafasi ya kumbeba, hadithi inaanza upya. Ndo maana nasema memori yenye mwisho haijaupindua uthibitisho, umebaki mzima na umepungua ukubwa tu.

Kuhusu kazi za kila siku sitakaa sana. Kuna zana zinazokagua kusimama na zinafanya kazi vizuri, Microsoft waliwahi kuwa na mradi wa utafiti ulioitwa Terminator kwa ajili ya madereva ya Windows, yaani programu zinazoendesha vifaa, na kernel (kiini) ya Linux ina kikaguzi kinachokataa programu ndogo za eBPF, zile zinazoendeshwa ndani ya kernel yenyewe, ambazo hakikuweza kujiridhisha kwamba zitaisha. Zote hizi zinaishi kwa sababu zina jibu la tatu, "sijui" au "nimekataa". Mkaguzi mwenye ruhusa ya kusema sijui hagombani na Turing hata kidogo, sharti la kutoa jibu la ndiyo au hapana kila mara ameshaachiliwa.

Hoja ya mwisho ndiyo inayonigusa zaidi. Mtu anasema: lakini mimi binadamu namwona Mbishi wa Milioni anasimama, Mkaguzi hamwoni, kwa hiyo akili yangu imeshinda mashine. Imeshinda mashine ile. Mkaguzi wa Bilioni naye kaishinda. Ulichofanya ni kusimama nje yake na kuihesabu, na hilo programu nyingine inaliweza. Kama ungekuwa na uwezo wa kuziona zote, jaribu hizi ndogo. Mwaka 1962 mwanahisabati Tibor Radó aliuliza: chukua mashine za Turing (mashine za kinadharia zinazosoma na kuandika alama kwenye utepe, zikiongozwa na hali, yaani kanuni chache za nini cha kufanya) zenye hali chache na alama mbili tu, zianze kwenye utepe mtupu, kati ya zile zinazosimama ni ipi inayochukua hatua nyingi zaidi? Kwa hali 2 jibu ni hatua 6. Kwa 3 ni 21. Kwa 4 ni 107. Kwa 5 mashine bingwa ilipatikana mwaka 1989, inasimama baada ya hatua 47,176,870, ila kuthibitisha kwamba hakuna nyingine inayosimama ikiwa imeipita kulisubiri hadi 2024, kundi la watu wa kujitolea duniani kote wakizichambua familia kwa familia na mwishowe uthibitisho ukakaguliwa kwa kompyuta mstari kwa mstari. Hali 5! Miaka 35 kati ya kumpata bingwa na kuwa na uhakika.

Kwa hali 6 tumekwama, na moja ya zinazotukwamisha imepewa jina Antihydra. Kazi yake ukiitoa kwenye utepe ni hii: anza na 8, kila mara zidisha kwa 3, gawa kwa 2, tupa nusu ikibaki. Unapata 8, 12, 18, 27, 40, 60, 90, 135, 202, 303, 454 na kuendelea. Weka hesabu pembeni ikianzia sifuri, ukikutana na namba shufwa ongeza 2, ukikutana na namba witiri punguza 1. Hesabu hiyo ikishuka chini ya sifuri mashine inasimama. Kwa hizo namba 11 nilizoandika hesabu imeshafika 13, na kama shufwa na witiri zinakuja sawasawa kama zinavyoonekana kuja, itazidi kupanda na mashine haitasimama kamwe. Kila anayeiangalia anaamini haisimami. Uthibitisho hakuna aliyeutoa bado.